Udongo wa Kapita Faradji

Sisi watu wa Gisenyi humsifu mtu akishazikwa. Mimi nakataa. Faradji wa Mbugangari yu hai, jana tu tumekunywa chai pamoja, na namsifu leo.

Mwaka 1954 alikuwa kapita, msimamizi wa vibarua waliomwaga zege la barabara ya kwenda bandarini Rubona. Chini ya zege walipanga mawe meusi ya volkano. Faradji, ambaye nyumba yake haina ufa hata mmoja, hakuweza kuvumilia matundu kati ya mawe. Akaamuru yazibwe kwa udongo na kulainishwa kama ukuta wa sebuleni. Injinia mzungu alipofika, zege lilishafunika kila kitu, na kapita alikuwa akitembea juu yake kifua mbele.

Masika mawili baadaye, kila lori la kahawa lililopita lilirusha tope kutoka kwenye maungio ya vipande vya zege, na pembe zake zikavunjika. Injinia akasema saruji ilichanganywa vibaya. Mchanganyaji, Nzeyimana, baba wa watoto sita, angefukuzwa Jumamosi.

Ijumaa Faradji aliinua kipande kilichovunjika. Chini yake maji yalikuwa yametuama juu ya udongo wake, hayana pa kwenda. Angeweza kukirudisha na kwenda zake msikitini, hakuna aliyemwona. Mimi, nasema kweli, ningekirudisha. Yeye alikwenda kwa injinia na tope mikononi.

"Bwana, Nzeyimana hana kosa. Saruji iko muzuri. Ni mi niliziba mawe na udongo, maji inakosa njia. Lori ikipita inasukuma maji, maji inakula chini."

Injinia alimvua ukapita palepale, akampa Nzeyimana. Faradji aliomba jambo moja tu: abaki kibarua mpaka kipande kile kijengwe upya.

Jumatatu Nzeyimana alisimama mbele ya vibarua, haya zimemjaa. "Mi sijui kazi hii," akasema. "Kapita, we utuonyeshe."

Faradji akapiga magoti, akapanga mawe bila udongo, akachimba mfereji wa kutolea maji upande wa ziwa.

Mvua ilipokuja nilimkuta amechuchumaa kwenye mdomo wa mfereji, amekinga kiganja. Maji yalitoka safi. Nikamwambia arudi nyumbani, ataugua.

"Ngoja kwanza lori ipite."

Likapita, limejaa magunia. Maji yakaendelea kutoka safi. Akalia, mtu mzima yule, na mimi mpenda kucheka watu sikumcheka.