Tulisimama Kutazama Ziwa

Mlima wetu wa maombi una njia mbili. Ya kwanza ni ya miguu: inapanda moja kwa moja katikati ya miti, ina mawe yanayoteleza, na ukifika juu magoti yanakuuliza yamekukosea nini. Ya pili ni ya baiskeli. Hiyo waliifungua wachoma makala, yaani mkaa, wale wanaoteremka mjini Likasi alfajiri na magunia yamepangwa mpaka mwenye baiskeli haonekani. Inauzunguka mlima polepole, kama mtu asiyetaka kufika. Watu wa kanisa letu hawaipendi. Kupanda ni sehemu ya sadaka, wanasema, na sadaka haitafutiwi mteremko.

Mimi nilikuwa wa njia ya miguu. Ni mtu wa haraka tangu utoto. Mtu akiburuta miguu mbele yangu natamani kumsukuma. Kila mwaka kabla ya mvua tulifunga turubai, mkeka na bidoni la maji, tukaenda kupiga kambi huko juu msituni pamoja na wengine, kufunga na kuomba. Mume wangu alibeba bidoni begani na bado alinitangulia. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kusaga mawe ya shaba, na niliamini kwamba watu wa kazi ile hawajui kuchoka.

Kuna jambo kila anayepanda analijua. Ukishaanza mlima, hutamki ugonjwa. Husemi kichwa kinauma, husemi umechoka. Kinywa kina nguvu, tunafundishwa. Ukilitaja jambo umelifungulia mlango. Basi anayeumwa husema yuko na nguvu katika jina la Bwana, huku ameshika ubavu. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wazee hawakuwa na kipaza sauti.

Mwaka ule wa mwisho, tulipofika chini ya mlima, mume wangu alikuwa anasukuma baiskeli yake, mizigo imefungwa nyuma.

"Leo tupite njia ya kinga," alisema. Kinga ndiyo baiskeli kwetu.

"Weye? Njia ya bantu ya makala?"

"Njo ile. Iko bintu minataka kukuonyesha, mama."

Nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Mwanamume aliyeoa zamani hamwonyeshi mke wake kitu, labda sahani tupu. Nikamfuata bila kubisha, na kwangu hilo si jambo dogo.

Alisimama kwanza kwenye uwanda mmoja usio na miti, ambako shaba imejaa udongoni na hakioti kitu ila majani mafupi na maua madogo ya buluu. Akanionyesha maua. Mbele kidogo akasimama chini ya mti mkubwa, akaniambia kwamba utotoni aliokota viwavi vya kula hapo na mama yake, wakajaza beseni. Nilisikiliza. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kusikia habari za beseni hilo.

Mara ya tatu alisimama kwenye kona, msitu umefunga pande zote. Aliweka mikono miwili juu ya kiti cha baiskeli, akainama kidogo.

"Angalia kule. Ziwa ya Mwadingusha inangaa."

"Sione kintu. Minaona majani."

"Fungua macho. Iko nyuma ya miti."

"Papa, weye unakuwa turisti sasa!"

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, naye akageukia vichakani mpaka kikaisha. Nilimpa maji akakataa, kwa sababu tulikuwa katika mfungo. Kule kambini hakulala kwenye mkeka. Aliketi ameegemea mti mpaka asubuhi, akasema analinda.

Alifariki kabla mvua hazijaisha. Daktari aliniambia mapafu yalikuwa yameharibika siku nyingi, akauliza alianza kulalamika lini. Nikamjibu kwamba mume wangu hakulalamika kamwe. Nililisema hilo kwa fahari, na daktari akainamisha macho mezani.

Mwaka huu nimepanda tena. Sikutaka, lakini mjane asiyepanda anasemwa. Binti yetu, ambaye ana nyumba yake sasa, alinisindikiza akisukuma baiskeli ya baba yake. Nilimwambia tupite njia ya makala, akageuza baiskeli.

Maua ya buluu yapo palepale. Mti wa viwavi umekwenda kuwa makala, kimebaki kisiki, na pembeni yake udongo mweusi wa tanuru. Tulipofika ile kona ya tatu sikuitambua mara moja, kwa kuwa wamekata msitu wote upande wa chini na mlima umebaki wazi. Kwa mara ya kwanza niliweza kuona mbali.

Hakuna ziwa. Kuna kilima, na nyuma yake kilima kingine, na moshi.

Nilitazama kwa muda mrefu, nikidhani labda nimekosea mahali. Kisha nikaweka mikono miwili juu ya kiti cha baiskeli, nikainama kidogo kama alivyoinama yeye. Kifua kilifunguka. Pumzi iliyokuwa imenibana tangu kule chini ikaingia yote. Hapo nilimkasirikia vibaya, nikamwonea huruma vibaya, vyote kwa pamoja, na yeye hayupo wa kupokea hata kimoja.

Nyuma yetu walikuwa wanakuja ndugu wa kanisa na mikeka yao, wanaimba.

"Mama," binti yangu aliniuliza, "tunaangalia nini apa?"

"Hatuangalie kintu. Nilisha kuchoka."

Alishtuka, akawatazama wale waliokuwa wanakaribia. "Mama, tuko ku mulima! Usiseme vile, batasikia."

"Basikie," nilimjibu, na wimbo ulipokatika nikalisema tena, kwa sauti ya watu wawili. "Nilisha kuchoka."