Sumaku Sita Barabarani

Madereva wenzake walimbandika jina Mzee Polepole, na hawakulitoa kwa kumsifu. Kwa miaka thelathini alikuwa akisafirisha vioo vya madirisha, na msafara wowote ule yeye ndiye aliyefunga mkia. Lakini vioo vyake vilifika vizima. Kwa hiyo kituo cha utafiti kilipotafuta mtu wa kuhamisha sumaku za mashine inayokimbiza chembe ndogo kuliko vumbi, meneja wa kampuni yake ya usafirishaji alimtaja yeye.

Sumaku zilikuwa sita, zimefungwa juu ya mhimili mmoja wa chuma, zimenyooshwa mstari mmoja. Mhandisi wa kituo, mwanamke wa makamo, alipanda naye lori akiwa na kidude cha kupimia mitikisiko.

"Zikisogea unene wa unywele tu, mzee, chembe zinapotea njia. Kuzipanga upya ni miezi mitatu."

"Nimekusikia, mama."

Mambo yalikuwa shwari mpaka saa nne asubuhi, walipokuta daraja limefungwa. Njia ya mchepuko ilikuwa ya vumbi, mashimo matupu. Meneja akapiga simu.

"Pita tu, mzee! Watu wanakusubiri!"

"Wasubiri."

Akazima injini, akashuka. Yeye na mhandisi walitembea kilomita mbili juani, mzee akipima kila shimo kwa kisigino. Tisa yalimtia shaka. Mafundi wa daraja walimcheka, lakini mhandisi alipoeleza mzigo ni nini, msimamizi wao akatoa kifusi na watu watano. Mzee Polepole akashika koleo. Mhandisi naye akakunja mikono ya shati.

Mashimo yalipojazwa akawasha injini, na kilomita hizo mbili zilimla saa nzima. Kwenye shimo la mwisho kidude kikalia, mara moja tu. Akasimamisha lori.

"Nimeziharibu?"

"Sijui. Mpaka tupime."

Walifika kituoni jioni. Kwa kawaida dereva huishia getini. Safari hii mhandisi alimvisha kofia ngumu akaingia naye. Wakapima moja baada ya nyingine. Ya nne ilikuwa imesogea robo ya unywele.

"Hiyo inakubalika," mhandisi alisema. "Kesho tutaigusa kidogo tu, basi."

Mzee akaketi juu ya kreti na kumpigia mkewe.

"Zimefika salama."

"Mbona sauti inatetemeka, baba?"

"Leo niliogopa, mke wangu. Niliogopa kweli."

"Haya, pumzika kwanza," mkewe akasema. "Halafu unisimulie yote, usiruke hata kidogo."