Farasi wa Obed Entwistle Aliyegoma Kufa

Obed Entwistle anauza utumbo wa ng'ombe kwa siki na vitunguu hapa Harrowclough, mji wetu wa migodi na viwanda, na zama za usichana wa mama zetu alikuwa pia mshairi mkubwa. Msicheke bado. Shairi lake la farasi kipofu wa mgodini lilibandikwa kila jiko, kati ya picha ya Malkia na kikaango. Beti arobaini na mbili! Farasi anaanza kufa ubeti wa kumi na moja, na roho haitoki hadi wa thelathini na tisa. Katikati anasali na kuwasamehe wachimba makaa, mmoja mmoja, kwa majina. Wanawake walikuwa wakizimia.

Kisha watu wakamchoka. Vitabu vyake vilivyododa akafungia utumbo.

Mzee alibaki na hamu moja tu: awalize watu tena kabla hajafa. Msimu huu wa baridi akamganda Bwana Clegg, mwenyekiti wa jioni zetu za kusomeana pale ukumbi wa kanisa, mpaka akapewa nafasi.

Jumamosi akapanda jukwaani, kola imepigwa wanga hata shingo haigeuki. Alipomaliza ubeti wa kumi na nne, farasi akikoroma na kutaja watakatifu, kijana mmoja wa kiwanda cha pamba akapaza sauti: "Mzee, si umwite mchinjaji? Mnyama anateseka!"

Ukumbi ukalipuka.

Obed akageuka mwili mzima kuifuata sauti. Mkewe, Keziah, akafumba macho.

"Nani huyo?"

"Mimi, babu. Zimebaki ngapi?"

"Zilibaki ishirini na nane. Kwa kuwa umenikatiza, zimebaki arobaini na mbili."

Akaanza upya.

Sasa, desturi yetu ni kwamba aliyesimama kusoma hashushwi, na msikilizaji hatoki kabla msomaji hajamaliza. Basi tulinaswa. Farasi alipoanza kufa mara ya pili, watu walikuwa wamelaliana mabegani kwa kicheko, na mke wa mchungaji alikuwa akijipangusa macho kwa pindo la kitambaa cha meza. Obed hakuruka hata neno.

Mwishoni Clegg akamfuata, bado anahema. "Entwistle, njoo tena Jumamosi ijayo. Ila kwenye tangazo tutaandika kichekesho."

"Sitapunguza ubeti."

"Punguza? Ongeza, bwana!"

Njiani Keziah akamshika mkono. "Mume wangu, wamekucheka."

"Wamelia. Leso nimeziona."

"Wamelia kwa kucheka, Obed!"

"Zamani walilia kwa sababu mama zao walilia. Mimi niliwauliza sababu?"

"Mkaidi wewe, hata farasi wako ana nafuu."

Jumatatu asubuhi tangazo likaletwa dukani. Obed akalibandika dirishani yeye mwenyewe, kwa mbwembwe, jina lake likisomeka toka ng'ambo ya barabara. Pale penye neno "kichekesho" akaegemeza kwato la ng'ombe, likazibika.