Nilivishwa Hereni za Mdogo Wangu Katikati ya Ziwa

Jumamosi moja ya kiangazi nilivishwa hereni za uchumba katikati ya Ziwa Issyk-Kul, huku nikigawa tikiti maji, na mchumba mwenyewe alikuwa wa mdogo wangu.

Msicheke. Au chekeni tu, mimi nilishacheka.

Naitwa Burul, nakaa Bishkek, mji wetu mkuu. Niliolewa, nikaachika, nikarudi nyumbani. Kwa mama yangu hilo ni gonjwa la kuambukiza. Mdogo wangu Meerim alipopata mchumba, kijana mpole wa Naryn, huko milimani, anayeitwa Tilek, mama aliniita jikoni akafunga mlango.

"Burul mwanangu, wakwe wanakuja. Watu wa milimani hao. Wakijua dada mtu kaachika, watasema na mdogo ni walewale."

"Kwa hiyo niende wapi?"

"Uende wapi tena, na nani atapika? Utakuwa jirani. Msichana mwema wa jirani, anatusaidia."

Basi nikapandishwa cheo, kutoka binti hadi jirani. Nilikubali, maana Meerim alikuwa anampenda yule kijana kwelikweli, na sikutaka posa ivunjike kwa ajili yangu. Lakini iliniuma.

Wakwe wakafika. Tilek, mama yake, Bi Zuura, na bibi yake, Bibi Kalipa, ambaye macho yana ukungu na watu anawaona vivulivivuli.

Mama akaamua kuwaonyesha mji mpaka waombe poo. Uwanja wa Ala-Too, askari wakibadilishana zamu. Soko la Osh. Makumbusho. Sanamu hii, sanamu ile. Na nani alimshika bibi mkono kwenye ngazi zote hizo? Jirani.

Mwisho Bibi Kalipa akaketi kwenye ngazi za sanamu mojawapo, akagoma.

"Mkwe, wanaume wa shaba juu ya farasi nimeshawaona wa kutosha. Mimi nyumbani nina farasi, na anatembea. Huku kwenu hakuna maji ya kutazama?"

Mama hakubali kushindwa. Akatangaza kesho tunakwenda ziwani, na hereni zitavishwa humohumo mashuani.

Mnaijua desturi yetu. Mama au bibi wa kijana akishamvisha msichana hereni, biashara imekwisha, kachumbiwa. Kuzivua ni kumtukana aliyekuvisha.

Tukaenda. Mashua ya starehe, makoti ya kujiokolea ya rangi ya chungwa, maji ya buluu, theluji milimani ng'ambo, na spika iliyokuwa ikirudia wimbo mmoja. Mandhari mazuri, lakini Meerim hakuyaona. Tulipoacha gati tu, tumbo likamchafuka, akajifungia msalani.

Mimi napita na sinia la tikiti maji, naona mkono umenidaka. Bibi Kalipa.

"Tulia hapo."

Akapapasa sikio langu, akapata tundu. Hereni ya fedha, ya baridi, ikaingia. Akahamia sikio la pili. Kisha akainua viganja na kuniombea dua ndefu, na mashua nzima, hata watalii wasiotujua, wakasema amina na kupangusa nyuso.

Nikapeleka mkono sikioni.

Mama akanisogelea, akanong'ona. "Usivue."

"Nisivue? Nimechumbiwa na shemeji yangu!"

"Sasa utamwambia mzee wa watu kwamba haoni? Nyamaza mpaka tufike nchi kavu."

Bi Zuura naye akainama kati yetu. "Mimi tangu niolewe kwake sijawahi kumwambia kakosea. Siwezi kuanza leo, tena majini."

Na Tilek, simba wetu, bwana harusi? Alikuwa anatazama milima utafikiri kaajiriwa kuilinda.

Meerim akatoka msalani, rangi imemtoka. Akayaona masikio yangu. Akaenda kupiga magoti mbele ya bibi.

"Bibi, Meerim ni mimi. Umemvisha mtu siye."

"Wewe umetapika tangu tung'oe nanga, nitakukosea vipi?" Bibi akafungua leso, akatoa hereni nyingine, za dhahabu. "Zako hizi hapa. Zile ni za dada yako, zawadi, si posa. Nyumbani kwangu mdogo havishwi wakati mkubwa yuko masikio matupu."

Mama akalazimisha kicheko. "Dada gani tena, mkwe? Huyu ni jirani."

"Macho yangu mabovu, masikio mazima. Jana pale kwenye ngazi kakuita mama. Ukamfyonya, ukamwambia aangalie ulimi wake. Nani anamkaripia mtoto wa jirani hivyo?"

Spika peke yake ndiyo ilikuwa haina haya.

Nikaona bora nimalize kabisa. "Bibi, mimi niliolewa nikaachika. Ndiyo maana nimefichwa."

"Na mimi niliachika," akasema Bibi Kalipa, akichokonoa mbegu ya tikiti kwenye jino. "Babu yake Tilek ni mume wangu wa pili. Wa kwanza alikuwa mpumbavu."

Bi Zuura alishika ukingo wa mashua kwa mikono miwili. Miaka yote hiyo kwenye nyumba ile, na hilo alikuwa halijui.

"Zuura, funga mdomo, utameza mbu."

Kisha bibi akamgeukia mama, akangoja. Watu wote wakangoja. Mama akatazama maji, akatazama viatu vyake, na mwisho akanitazama mimi, na nilimwona anavyoogopa. Nilikuwa nimemkasirikia kwa muda mrefu bila kujua kwamba anaogopa kiasi kile.

"Huyu ni Burul," akasema. "Ni mwanangu. Wa kwanza."

Nililia, sifichi. Meerim akavishwa zake, akalia, akakimbia kutapika tena.

Funzo? La kwanza, ukiwa na mtu wa kumficha, usimpakie kwenye mashua. La pili ndilo nililobaki nalo: hao wakwe tuliokuwa tunawaogopa watatucheka, na wao walikuwa na lao wamelikalia. Mama siku hizi akinitambulisha kwa wageni anaanza na "mwanangu", halafu ndipo anataja jina.