Bunduki ya Nati Iliyokosa Nguvu

Nilimwita fundi mwaminifu mwizi mbele ya majirani zangu wa Kariobangi, na kosa lilikuwa langu tangu mwanzo.

Fundi huyo, Mutiso, alikuwa amenitengenezea bunduki yangu ya upepo iliyoharibika, ile ya kufungulia nati za magurudumu. Jumapili nikaiunganisha na kompresa, nikaishindilia kwenye gurudumu la kigari changu. Ikakohoa tu kama ng'ombe mwenye mafua. Nikaitia oili, nikafyatua tena, nati haikutikisika. Damu ikanichemka!

Mutiso alipopita akitoka kanisani, nikafoka, "Umeng'oa vyuma vizuri ukaniwekea takataka! Mwizi we!"

Neno hilo kwetu halitamkwi ovyo. Kufumba na kufumbua watu wakajaa, wawili tayari wana mawe. Mutiso akainua mikono juu: "Jamani, niacheni niiangalie kwanza."

Akaushika mpira wa hewa, akaufuata kwa mkono hadi mlangoni kwangu. Mimi, kwa uchoyo wangu, nilikuwa nimeificha kompresa sebuleni ili majirani wasije kuomba kujaza baiskeli zao upepo. Kisha nikaufunga mlango wa chuma juu ya mpira huohuo na kutia kufuli. Hewa ingepita wapi?

Nikafungua. Bunduki ikanguruma, nati zikatoka zote. Mawe yakaanguka chini, nami nikakosa pa kuuweka uso.

Mama Kamau wa mlango wa pili akanipandisha na kunishusha kwa macho: "Baba Wanjiku, nati ikikushinda sema imekushinda, usimtafutie mtoto wa watu mawe."