Pipa la Kupimia Taa

Waliokuwepo kisimani asubuhi ile ni hawa. Mume wangu, fundi wa kuchimba visima, ambaye baba yake alikuwa manamba, alitoka mbali kuja kukata mkonge Korogwe. Dada yake, yaani wifi yangu, mpika pombe ya boha. Kaka yangu, tumbo moja na mimi, mkuu wa mgambo wa kijiji. Majirani wa kuvuta kamba. Baba yangu mzazi alifika baadaye, na baba zangu wadogo wawili, wote na mapanga mkononi. Majina yao ninayo mpaka leo, hata ya waliokwisha kuzikwa, ila siyaandiki. Wajukuu wao wapo, na wengine wameolewa humu humu kwangu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya upande wa Handeni, na aliyetuhamisha ni huyo huyo kaka yangu. Alitia moto paa la nyumba yetu ya zamani sisi bado tunatoa vyungu. "Fanya haraka, dada, moto haungoji," akasema, na anacheka. Kijiji kipya nyumba zake zilipangwa mistari mizuri kabisa, lakini maji hakuna. Ndipo mume wangu akapewa kazi ya kisima.

Sasa kisima kirefu kinaweka hewa mbaya. Huioni, na ukiinusa ukiwa juu hupati kitu. Mtu anashuka anaimba, akifika chini, kimya. Kwa hiyo kila asubuhi mafundi hutanguliza taa ya chemli kwa kamba. Ikizima, hashuki mtu. Mume wangu alikuwa na lake la ziada, alilofundishwa na fundi aliyemlea kazini: na taa yenyewe ilikuwa lazima ipimwe. Kabla ya kwenda kisimani alipitia kwanza kwa dada yake.

Boha ni pombe ya miwa. Wifi alifuata miwa yake mpaka Kwashemshi. Ikichachuka, inachemka yenyewe ndani ya pipa bila moto, na juu ya lile povu inalala hewa ile ile inayoua watu kisimani. Mume wangu alifunua kifuniko taratibu, akateremsha chemli mpaka karibu na povu. Hapo mimi nafungua kanga yangu kiunoni naifunga upya. Kabla sijamaliza kufunga, taa iwe imezima. Ikizima, ni taa ya kuaminika, twende kazini. Ikikawia, anakata utambi, anazibua matundu ya chini, anaanza tena.

"Msipumulie pipa, mnaniharibia hewa yangu!"

"Hewa yako tangu lini?" wifi anamjibu. "Pipa la nani hili?"

"Si lako? Mimi hata kunywa sinywi."

"Hunywi wewe. Taa yako ndiyo mlevi, kila asubuhi inazimia kwangu."

Kaka yangu pipa lile lilimkera. Sisi ni Waislamu, yeye ni mkubwa wa mgambo, na wifi wa dada yake anapika pombe watu wote wanaona. Mume wangu alipokwenda Masuguru kutafuta kamba mpya, kaka akaja na vijana wake na mashoka. Wakalipiga lile pipa mpaka likapasuka, boha ikatiririka hadi mlangoni kwangu. Wifi akajitupa juu ya pipa. Wakampiga marungu hapo hapo alipolala. Mkono wake ulivunjika, mlio wake niliusikia kama kuni kavu. Chemli ilikuwa inaning'inia ukutani. Kaka akaitandika rungu moja, kioo kikaruka, tangi likabonyea, mafuta yakachuruzika.

Asubuhi yake, mume wangu amekwisha kurudi, tukakutana kisimani. Kaka kaja na karabai ya doria, ile ya kupampu yenye soksi, mwanga wake unaumiza macho.

"Taa hiyo, mlamu. Watu wanataka maji. Shuka."

"Sijaipima," mume wangu akasema.

"Si upime? Shimo hilo hapo."

"Shimo napima kwa taa. Taa naipima kwa pipa. Na pipa umelipasua."

Watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomtia wazimu kaka yangu. "Mwana wa manamba wewe, mpaka unuse pombe ndiyo upate nguvu za kushuka?" Rungu la kwanza likaingia begani, la pili mgongoni, mume wangu akapiga magoti. La tatu likampata mdomoni. Meno yalitoka pamoja na damu yakaanguka kwenye udongo alioutoa mwenyewe shimoni. Nikamdaka kaka mkono, akanisukuma nikaangukia ndoo.

Mume wangu akatema damu, akasema, "Niulie hapa juu. Chini sishuki na taa nisiyoijua."

Basi kaka akaiteremsha karabai mwenyewe. Tukachungulia, tope la chini likameremeta. Akangoja kama alivyozoea kuona mume wangu akingoja na chemli, akaipandisha. Bado inawaka. "Mmeiona? Ni woga tu huu." Akavua viatu. Kamba ya kiunoni akaikataa. Akashuka kwa vitundu vya ukutani, anamtukana mlamu wake na watu wanacheka. Katikati ya tusi, sauti ikakatika. Tukasikia kishindo cha mtu kwenye tope.

Mume wangu na mdomo wake uliopasuka ndiye aliyepiga kelele: "Matawi! Leteni matawi!" Wakafunga mafungu ya matawi mabichi kwenye kamba, wakawa wanayashusha na kuyapandisha kwa nguvu ili hewa ichanganyike. Kisha akajifunga kamba, akavuta pumzi, akashuka. Nilishika ile kamba mpaka viganja vikachubuka. Ndani ya shimo moja nilikuwa na watu wangu wawili.

Alimfunga kaka kamba ya pili, wakavutwa wote. Mume wangu alikuwa anatapika. Kaka alikuwa amekwisha kufa. Uso wake haukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Uso wa mume wangu ndio uliovimba kama wa mtu aliyepigana kufa na kupona.

Na hivyo ndivyo habari ilivyofika kwa baba: wamepigana, mlamu kamtupa shimoni. Baba na wadogo zake walipofika na kuuona uso ule hawakuuliza tena. Baba mdogo mmoja alishusha panga, mume wangu akakinga kwa mkono, nyama ikafunguka mpaka mfupa ukaonekana. Baba akamwekea lake shingoni.

"Ulimsukuma mwanangu."

"Hakuna aliyemgusa, mzee. Taa ndiyo iliyomdanganya."

"Taa inasema uongo?"

Nilipiga magoti nikamshika baba miguu. Akanipiga teke. Ndipo wifi, mkono umefungwa kifuani kwa kanga, akasema, "Mzee, kabla hujachinja, njoo uone kitu. Ninalo pipa la pili."

Alikuwa amelifukia nyuma ya choo, limebaki domo tu, limefunikwa mkeka na majani. Wakamsukuma mume wangu hadi pale, panga bado liko shingoni. Akaomba kijinga cha moto. Kabla hakijafika hata kwenye povu, moto ukakatika kama umebanwa na vidole. Kisha akasema, "Sasa karabai. Shika wewe, mzee, wasije wakasema nimefanya ujanja."

Baba akatoa panga shingoni, akashika kamba, akateremsha. Mimi nikafungua kanga nikaifunga. Inang'aa. Nikafungua tena, nikafunga. Inang'aa. Nimefunga tena na tena ndipo ile taa ikakohoa, ikageuka njano, ikafa.

"Chemli ingezima zamani," mume wangu akasema. "Hii ni kaidi. Ilitaka kungojwa, naye hakujua. Hata mimi nilikuwa sijui."

Baba akaangusha panga. Akapiga magoti, akaingiza uso wake ndani ya pipa la pombe aivute hewa iliyomuua mwanawe, yeye ambaye hata njia ya kwa wifi alikuwa hapiti. Wadogo zake wakamvuta kwa kanzu. Akainuka anakohoa na machozi yanamtoka, akainyanyua karabai aipige chini.

"Usiivunje, mzee," mume wangu akasema. "Sasa naijua."

Tukamzika kaka siku ile ile. Kisima kilimalizwa na karabai ile, na kila asubuhi ilipita kwanza kwa wifi. Baba alikuja mwenyewe kusimama pale mpaka izime, ndipo aende kusali.

Hivi ndivyo ninavyokumbuka. Kuhusu baba mdogo aliyeshusha panga, nasema alikuwa yule mkubwa, lakini watoto wake wanasema ni mdogo wake. Kama ulikuwepo, au aliyekuzaa alishika kamba siku ile, njoo uniambie nilipokosea. Nirekebishe nikiwa bado nasikia.