Sili ya Pikipiki ya Arbab

Huku Dubai pikipiki hailazwi kwa ajili ya baridi, hulazwa kwa ajili ya joto. Mwezi wa tano arbab wangu, tajiri ninayemfanyia udereva na ufundi, aliisukuma yake hadi nyuma ya ghala letu la Al Qusais na kuifunika turubai. Mwezi wa kumi akaitaka iwe hai. Ni pikipiki kuukuu ya kupandia milima, ile ya kuchanganya oili na petroli ndani ya tangi, na anaipenda kuliko magari yake yote.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Binti yangu wa kwanza alikuwa anaolewa Mombasa siku ya Ijumaa, na mimi ndiye walii wake. Kwetu walii humshika mkono bwana harusi wakati wa kumuozesha. Siku yangu mimi, baba mkwe alinibana vidole mpaka machozi yakanilengalenga, kisha akaninong'oneza, "Umesikia?" Nilisikia, na mpaka leo nasikia. Niliapa na mimi nitambana mkwe wangu vivyo hivyo. Binti yangu alilijua hilo, akawa ananitania kwenye simu, "Baba, usimvunje tu."

Tiketi ya Alhamisi nilikwisha kata. Pasi yangu ya kusafiria ilikuwa kwenye droo ya arbab.

"Pikipiki ikiwa sawa, chukua pasi yako," aliniambia Jumamosi. "Ijumaa naenda milimani Hatta na wenzangu. Yalla."

Nilimwaga petroli iliyolala, nikatia mpya. Nikafungua kabureta, nikakuta oili imeganda kwenye vitundu, nikaisafisha mara mbili. Nikabadilisha plagi. Ikawaka. Lakini ikishapata moto ilipandisha mlio yenyewe bila kuguswa, nikiachia mafuta haishuki, nikiipanda haina nguvu. Plagi mpya ikatoka nyeupe, dalili ya hewa kuzidi petroli. Jumapili, Jumatatu, sikutoka ghalani ila kwa sala. Nilikitukana chuma kana kwamba kina masikio.

Jumanne nilifungua kifuniko cha ubavuni, nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta penye sili ya krenki, ule mpira unaozuia hewa ya nje isiingie ndani ya injini. Mlio ukabadilika papo hapo, kumbe hewa inapenya pale. Mpira ulikuwa umekaushwa na joto la ghala. Nilipiga simu maduka yote ya spea ninayoyajua. Hakuna, ni ya kuagiza, siku kumi.

Siku kumi! Nilikaa sakafuni nikalia, wala sioni haya kusema.

Kisha nikafanya lile ambalo kila fundi aliyebanwa analijua. Nikatia jeti yenye kitundu kikubwa zaidi kwenye kabureta, petroli iingie nyingi, iifunike ile hewa. Jumatano ikalia vizuri ajabu. Niliizungusha maghala mawili matatu, laini kabisa. Arbab akafurahi, akaingia ofisini, akarudi na pasi na kunitia mkononi.

"Khalas. Mpe binti salamu."

Niliitia mfukoni, nikaenda hadi mlangoni. Nyuma yangu nikasikia anavaa helmeti. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Hatta ni ndefu. Injini ikivutwa sana juani hewa ingeshinda, pistoni ikwame ndani ya silinda, gurudumu la nyuma lijifunge akiwa mbioni. Nilijua. Nilisimama pale nikitamani nisijue.

"Usipande, sir," nikasema, nikamweleza yote, na ile jeti pia.

Alivua helmeti. Hakunigombeza, angenigombeza ningeona nafuu. "Basi haijawa sawa," alisema, akanyoosha mkono. Nilimwomba. Nilimkumbusha harusi. Akasema makubaliano ni pikipiki kwanza. Nikatoa pasi mfukoni kwa mkono wangu mwenyewe, nikampa. Nilimchukia yeye, nikauchukia na mdomo wangu.

Ijumaa niliegemeza simu kwenye tangi la ile pikipiki. Kadhi akaniuliza, "Wamweka nduguyo awe wakili wako, amuozeshe binti yako?"

"Namweka."

Picha ilikuwa ikikwamakwama. Niliona mkono wa mdogo wangu, halafu mkono wa kijana, halafu vigelegele. Jioni nilimpigia mdogo wangu.

"Ulimbana?"

"Nini, Kaka?"

"Vidole."

Akacheka. "Loo! Hilo nilisahau."

Sili ilifika wiki iliyofuata. Niliifunga, nikarudisha jeti ya zamani, pikipiki ikalia kama siku iliyotoka dukani. Arbab aliizungusha, akarudi amefurahi, akaniwekea pasi juu ya kiti na kunipa mkono wa asante.

Nilimbana vidole mpaka akanitazama usoni.